Nimeingia kwa Mlango wa Nguo

Mkono wenyewe ni wa buluu, buluu iliyochanganyika na kijivu, kama mbingu inayojiandaa kunyesha. Kitambaa kimejazwa na kushonwa kwa mistari, kikafura kama mto, na mwenye nguo ameegemea ukingo wa jiwe uliochorwa chini kabisa ya picha. Ila mkono wa nguo haukukubali kubaki ndani. Umeuvuka ukingo, umetokeza upande wetu sisi watazamaji, hadi unahisi ukinyoosha kidole utaubonyeza, nao utainuka tena taratibu. Titian, mchoraji wa Venice, aliuchora karibu mwaka 1510, akiwa bado kijana. Leo uko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, na ndio ulionisimamisha kwanza katika safari yangu ya siku tatu.

Mwenye uso yupo, ana ndevu, ananiangalia kwa pembe ya jicho kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma. Nilimwacha kwanza. Nilikuwa natafuta mshono unaanzia wapi.

Nimekulia chini ya cherehani. Shangazi yangu ni fundi, na likizo zangu za shule nilizimaliza sakafuni kwake, nikiokota pini kwa sumaku na kufumua mishono iliyokosewa kwa ncha ya wembe. Kwa hiyo kabla sijajua jina la mchoraji hata mmoja, nilijua upindo uliolala vizuri, bega lililokataa kukaa, na kola inayomnyonga mtu kwa sababu fundi alikuwa na haraka. Haya yote nilidhani ni mambo ya dukani. Sikujua kuwa ni ufunguo.

Maana watu wengi ninaozungumza nao kuhusu majumba ya sanaa huniambia neno lile lile: mimi sanaa siielewi. Nami nililisema miaka mingi. Niliingia makumbusho nikitembea kwa adabu kama mgeni msibani, nikisoma vibandiko vya ukutani badala ya kutazama picha, nikatoka nimechoka na sikumbuki kitu. Kilichonibadilisha ni kugundua kwamba katika karibu kila chumba kuna watu waliovaa, na kuhusu kuvaa nilikuwa na la kusema. Nani asiye nalo? Umevaa nguo kila siku tangu uzaliwe. Unajua kitambaa kinachowasha, nguo ya kuazima inavyokuaibisha, na ile moja ambayo ukiivaa hata mwendo unabadilika. Basi ingia kwa mlango huo. Waulize watu wa kwenye picha walivyovaa na kwa nini, utashangaa wanavyoanza kuongea.

Safari hii niliipanga kwa ajili hiyo. Sanduku dogo moja: suruali mbili, mashati matatu, koti refu la sufu la buluu ya usiku, na skafu pana ya rangi ya kutu, ambayo ndiyo ilibeba safari nzima, kwa sababu rangi moja yenye nguvu hukutosha kwa siku tatu ukiibadilishia majirani. Nguo za kwendea kutazama picha nazichagua kwa uangalifu mkubwa. Ziwe za tabaka, kwa maana nje kuna upepo na ndani kuna joto. Ziwe na mifuko, ili mikono iwe huru. Bangili zinazogongana nazivua, chumba kimya hukirudishia kila mlio. Begi liwe dogo la kuning'iniza mbele, kwani ukigeuka ghafla na mkoba mkubwa mgongoni unaweza kugusa kitu kilichodumu miaka mia tano.

Viatu nilikosea. Nilivaa vipya, vya ngozi, vizuri sana, na sikuwa nimevitembelea hata siku moja. Baada ya saa moja na nusu kisigino cha kulia kilikuwa kinawaka moto. Watu hudhani kutazama picha ni kazi ya macho, kumbe miguu ndiyo inayoamua utaona ngapi. Kusimama na kusogea hatua mbili, kisha kusimama tena, kunachosha kuliko kutembea kilomita kadhaa mfululizo. Siku ile nilikaa kwenye benchi katikati ya chumba, nikakumbuka picha za Lynette Yiadom-Boakye, mchoraji aliyezaliwa London mwaka 1977. Watu wake huwatoa kichwani, si watu halisi waliokaa mbele yake, na mara nyingi huwaacha bila viatu, kwa sababu kiatu humfunga mtu kwenye mwaka wake. Mtazame mtu pekupeku kwenye picha zake, huwezi kusema ni wa jana au wa miaka sitini iliyopita. Nilipokaa pale kisigino kikiniuma, nilimwelewa vizuri kuliko nilivyomwelewa niliposoma habari zake.

Kabla miguu haijanishinda, nilikuwa nimepata kile nilichokifuata. Ndani ya jengo lile lile alipo mtu wa mkono wa buluu, yupo Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, aliyejichora mwenyewe mwaka 1640, akiwa na umri wa miaka 34. Amegeuka vile vile kidogo. Mkono umeegemea ukingo vile vile. Amevaa kofia bapa, na koti lenye manyoya, na shati lenye mikunjo midogo shingoni. Ukitoka kwa Titian ukaenda kwa Rembrandt moja kwa moja, bila kusimama njiani, unashtuka: umemwona huyu sasa hivi! Picha ya Titian, au nakala yake, ilikuwa Amsterdam wakati ule, Rembrandt akaiona na kuliazima pozi.

Lakini hakuazima pozi tu. Nguo alizovaa si za mwaka 1640. Wanaume wa Amsterdam wa wakati wake walivaa kola pana nyeupe na mavazi meusi. Yeye amevaa kama bwana wa miaka mia moja kabla yake. Alikuwa mtoto wa msaga nafaka kutoka Leiden, sasa ana jina na ana wateja, akaamua kusimama kwenye safu moja na wakubwa wa zamani, na njia aliyoiona ni kuvaa nguo zao. Mimi ninayependa kupekua mitumba nikitafuta koti lililoshonwa wakati mabega yalikuwa bado yanajengwa kwa mkono, nilihisi nimekutana na mwenzangu. Nguo ya zamani haikurudishi nyuma. Inakupa watu wa kusimama nao.

Na kuazima hakukuishia hapo. Vyumba kadhaa mbele yuko Madame Moitessier wa Ingres, mchoraji Mfaransa, amekaa, gauni la hariri jeupe lenye maua limejaa upana wote wa picha kama bustani iliyomwagwa. Ingres aliianza mwaka 1844 na kuimaliza 1856. Miaka kumi na miwili! Mitindo ikapita mbele yake, na gauni lenyewe akalibadilisha katikati ya kazi. Kilichodumu ni ule mkono wa kulia, kidole kimegusa upande wa uso kama mtu anayefikiri. Ishara hiyo Ingres aliichukua kwenye mchoro wa ukutani wa Kirumi uliofukuliwa Herculaneum, mji wa kale wa Italia. Halafu Picasso naye akaichukua kutoka kwa Ingres mwaka 1932, akamchora mwanamke mwenye kitabu, mkono usoni namna ile ile. Gauni limepitwa, ishara imebaki. Tangu siku hiyo nikitazama mtu aliyevaa vizuri, kwanza namtazama mikono anaiweka wapi.

Siku ya pili nilivaa viatu vyangu vya zamani, vilivyokwisha kuujua mguu, nikavaa nyeusi tupu: suruali nyeusi, shati jeusi, sweta jeusi, na skafu ya kutu juu yake. Hotelini, chini ya taa ya manjano, nilidhani nimependeza. Nje mchana nikaona suruali inaelekea kijani, sweta linaelekea kahawia, na shati ndilo jeusi peke yake. Nilitaka kurudi kubadilisha. Sikurudi, na nilifanya vizuri, kwa sababu nilikuwa naelekea Wallace Collection kuona kazi ya Frans Hals, mchoraji wa Uholanzi.

Wallace Collection ni nyumba, si jumba. Ni makazi ya kifahari yaliyojaa picha, samani na silaha, yaliyoachiwa taifa na mjane wa Sir Richard Wallace, yakafunguliwa kwa umma mwaka 1900, nayo kama National Gallery hayatozi kiingilio kwa hazina yake ya kudumu. Kiingilio cha bure kinabadilisha namna ya kutazama. Hulazimiki kumaliza vyumba vyote ili fedha yako irudi. Unaweza kuingia kwa ajili ya picha moja, ukatoka, ukarudi kesho yake.

Picha yangu moja ilikuwa yule kijana mwenye masharubu yaliyopinda juu, aliyechorwa mwaka 1624 akiwa na umri wa miaka 26, ambaye Waingereza walimbandika jina la mpanda farasi anayecheka. Hacheki. Ana tabasamu la mtu aliyejitazama kwenye kioo kabla hajatoka, akaridhika. Na ana haki! Mkono wake wa nguo umedariziwa nyuki, mishale, pembe zinazotoa moto, na mafundo ya wapendanao, kwa nyuzi za dhahabu na nyekundu. Sogea karibu kadiri unavyoruhusiwa, na lesi ya mkononi inavunjika kuwa mistari ya haraka ya brashi, mweupe umepakwa hapa na kuachwa pale. Rudi hatua tatu, lesi inajifuma upya. Nilikwenda na kurudi mara nne au tano. Hakuna aliyenishangaa.

Halafu nikaona weusi wake. Kuna mweusi wa kofia, ambao haung'ai, unanywa mwanga. Kuna mweusi wa joho lililopita kiunoni, wenye mkunjo unaometa. Kuna mweusi mwingine unaokaribia kijivu pale mwanga unapoanguka. Mchoraji Vincent van Gogh aliandika kwenye barua mwaka 1885 kwamba Frans Hals ana nyeusi zisizopungua ishirini na saba. Nilijitazama. Nilikuwa nimevaa tatu, na kwa saa nzima nilikuwa nimezionea haya kwa kuwa hazifanani. Pale mbele yake nikaona kuwa kutofanana ndio uhai wenyewe. Nyeusi zikiwa moja tu mwili mzima, mtu anakuwa shimo. Zikitofautiana, jicho linapata mahali pa kutembea.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja mtu mzima sana, mgongo umepinda kidogo, koti la rangi ya haradali, na kifuani bruchi ya nyuki wa shaba. Sijui kama aliivaa kwa makusudi, kwa ajili ya wale nyuki wa kwenye mkono wa picha. Napenda kuamini hivyo. Alitazama kwa muda mrefu, akagusa bruchi yake kwa kidole kimoja, akaondoka bila kutazama picha nyingine yoyote ya chumba kile. Katika safari nzima sikuona mtu aliyevaa vizuri kuliko yeye.

Namtaja kwa sababu nimewaona pia wengine, vijana hasa, wanaovaa kwa ajili ya kupigwa picha mbele ya picha. Sina neno na anayetaka kumbukumbu, nami ninazo kwenye simu. Kinachonihuzunisha ni kuona mtu amejipamba vizuri kabisa, amefika mbele ya kazi iliyomgharimu mtu miaka kumi na miwili, kisha anaipa mgongo. Amekuja karibu hivyo, na ana jicho la nguo tayari, angegeuka tu angeona.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na asubuhi nilikwenda mashariki ya jiji, V&A East Storehouse. Ni ghala la makumbusho ya V&A lililofunguliwa kwa umma Mei 2025, lenye zaidi ya vitu 250,000 kwenye rafu, na lina utaratibu ambao siwezi kuusifu vya kutosha: mtu yeyote anaweza kuingia mtandaoni, kuchagua hadi vitu vitano, kuomba siku, akaletewa avione kwa karibu. Huhitaji kuwa mtafiti wala mwanafunzi. Unapaswa kuomba mapema tu, kama wiki mbili hivi.

Niliomba vitu viwili, vyote vya nguo. Kimoja kilikuwa gauni la hariri la karne ya 18. Mhudumu alilifunua taratibu juu ya meza, nami nikaomba nione ndani, kwenye bitana, kwa maana shangazi alinifundisha kuwa nje ya nguo ni salamu, ndani ndiko kuna habari. Na habari zilikuwepo. Kando ya mshono wa kiunoni kulikuwa na safu ya vitobo vidogo vidogo, vya sindano, visivyo na uzi. Mshono wa zamani uliofumuliwa. Gauni lilikuwa limepanuliwa, au limepunguzwa, akapewa mwingine. Enzi hizo hariri ilikuwa ghali kuliko kazi ya kuishona, kwa hiyo nguo ilifumuliwa na kushonwa upya mara nyingi, kitambaa hakikutupwa. Vitobo vile vilinigusa kuliko maua yote ya nje. Mtu alikaa mahali, karibu na dirisha nadhani, akafumua kwa subira bila kuchana, kama nilivyokuwa nikifumua mimi kwa wembe nikiwa na miaka tisa.

Jioni nikarudi National Gallery. Ijumaa hufungwa saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, na baada ya saa moja makundi hupungua, vyumba vinakuwa kama vyako. Nilikuwa na mtu wa kumwona, yule niliyemkosa siku ya kwanza kwa sababu ya kisigino.

Ni fundi nguo. Giovanni Battista Moroni alimchora kati ya mwaka 1565 na 1570 hivi. Amesimama nyuma ya meza yake, mkono wa kulia umeshika mkasi, wa kushoto umeshika kitambaa cheusi, na kwenye kitambaa kuna mistari ya chaki. Mistari ya chaki! Mtu akiniuliza ni sehemu gani ya jiji lile lote ningeichukua, ningechukua ile mistari. Ni nyembamba na imefifia. Imechorwa na mtu aliyejua hasa chaki inavyokamata kwenye nguo nyeusi, inavyoruka kidogo pale kitambaa kinapojikunja.

Wakati ule picha za aina hii zilikuwa za wenye vyeo. Fundi kuchorwa akiwa kazini, mkasi mkononi, kwa heshima yote hii, halikuwa jambo la kawaida. Na tazama alivyovaa. Nyeusi ndiyo ilikuwa rangi ya matajiri, kwa maana weusi wa kweli ulihitaji rangi nyingi na kazi nyingi. Nyeusi yuko nayo mezani, ni ya mteja. Yeye mwenyewe amevaa kizibao chenye mikono cha rangi ya maziwa, kimekatwa vichanjo vidogo vidogo kwa mpangilio, kola imezungushiwa mkunjo mweupe, na chini suruali fupi nyekundu iliyofura. Pete kidoleni. Hakuvaa ya mteja wake. Amevaa ya kwake, imemkaa sawasawa, na bila shaka anajua nani aliishona.

Anakutazama. Nilisoma macho yale kama fahari, nikaona ndiyo hiyo, fundi anayesema na mimi nipo. Nilipiga picha bila mwanga wa kamera, nikaenda kukaa kwenye ngazi, nikamtumia shangazi. Macho yake siku hizi hayana nguvu, cherehani amemwachia mwingine, lakini simu huisogeza karibu na pua na kuvuta picha ikue kubwa. Dakika kadhaa zikapita, akanipigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kitambaa ni sufu. Hariri haishiki chaki hivyo."

Nikamwambia nilivyomwona, fahari na heshima ya kazi. Akanyamaza kidogo, nikajua anavuta picha tena.

"Mimi naona hajaanza kukata," akasema. "Kitambaa hakina ufutio, hawezi kukata anatazama pembeni. Wewe umesimama wapi ukimwangalia?"

"Mbele yake."

"Basi anakutazama mabega. Hayo si macho ya kujisifu, mwanangu. Anakupima."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Nilirudi ndani, nikapita vyumba bila kugeuka kulia wala kushoto. Chumbani kwake hapakuwa na mtu isipokuwa mlinzi. Nilivua skafu, nikafungua vifungo vya koti, nikasimama mbele ya meza yake, mabega wima, mikono imeshuka pembeni, kama nilivyofundishwa kusimama nikipimwa.